Sura ya Tano: Mdagu, Mbegu na Wembe

Anayenunua mdagu kwa mara ya kwanza hutazama maua. Mzoefu huchuchumaa akatazama shina pale linapoingia ardhini, kwa sababu hapo ndipo mmea huu ulipoweka akiba yake yote: kitako kinene, laini, cha rangi ya kijivu, ambacho hunenepa mvua zikinyesha na kunywea kiangazi kikizidi. Juu ya kitako huchipuka matawi mafupi yaliyojipinda, na kwenye ncha za matawi majani machache mazito. Kisha maua yenyewe, mirija ya rangi ya waridi iliyofunguka kwa petali tano, rangi ikikolea pembeni na kufifia kuelekea kooni, upana wa sentimita 4 hadi 6. Mara nyingi huyatangulia majani, mti ukiwa bado mtupu.

Katika Kiswahili cha pwani huitwa mdagu, na wengine husema mwanja. Kwenye vitalu vya Dar es Salaam na Mombasa utausikia zaidi kwa jina la waridi la jangwani, ingawa na mawaridi hauna udugu wowote. Ukoo wake ni wa oleanda na frangipani, na vilevile wa mbungo, ule mtambaa unaotupatia mabungo ya juisi. Wanasayansi huuita Adenium obesum.

Ni mmea wa kwetu kabisa. Hukua porini kuanzia Senegali, ukafuata ukanda wa Saheli hadi Sudan, ukateremka Ethiopia, Somalia, Kenya na Tanzania, na ng'ambo ya bahari ukaenea Yemen, Saudi Arabia na Oman, hasa jimbo la Dhofar. Kisiwani Sokotra jamaa yake mmoja huwa mti mzima wenye shina nene la kutisha. Aliyesafiri Tsavo au Samburu wakati wa kiangazi ameuona: vichaka vyote vimekauka, ardhi imepasuka, na katikati ya miamba kuna kitu kifupi kilichojaa maua. Maji yaliyomo kitakoni ndiyo yanayolipia maua hayo. Jani hupoteza maji mengi, kwa hiyo ukame unapoingia mti huyaangusha majani, ukasubiri.

Na kwa sababu unaota porini, watu huung'oa porini. Nimeona kando ya barabara kuu midagu yenye vitako vikubwa, iliyochimbuliwa na mizizi yake mikuu ikakatwa kwa panga, ikisubiri mwenye gari atakayesimama. Mmea wa ukubwa ule umechukua miaka mingi kufika hapo. Ukifikishwa mjini, ukatiwa kwenye udongo wa bustani na kumwagiliwa kila asubuhi, jeraha la mzizi huanza kuoza, kitako kikalainika kutoka ndani huku majani ya juu bado yakionekana mazima. Anayegundua amechelewa. Naipinga biashara hii kwa moyo wote, na sababu yangu kubwa ni kwamba haina ulazima. Mdagu huota kwa mbegu kwa wepesi ambao mimea mingi ya jangwani haina, na mche uliotunzwa kwenye joto na jua la kutosha unaweza kutoa ua la kwanza ukiwa na umri wa mwaka mmoja hivi. Kinachokosekana ni mbegu, na mbegu zinakosekana kwa kuwa wengi wenye mdagu barazani hawajawahi kuuona ukizaa. Sura hii nimewaandikia wao.

Kabla ya mbegu, tuseme kidogo juu ya mtu aliyeuingiza mmea huu katika vitabu vya elimu ya mimea. Peter Forsskål, mwanafunzi wa Linnaeus, alikuwa mmoja wa watu sita waliotumwa Arabuni na mfalme wa Denmark mwaka 1761. Alikusanya mimea ya Misri na Yemen kwa bidii isiyo ya kawaida, akafa kwa malaria katika mji wa Yarim, Yemen, Julai 1763, akiwa na umri wa miaka 31. Katika msafara ule aliyerudi nyumbani ni Carsten Niebuhr peke yake, na ndiye aliyehakikisha maandishi ya mwenzake yanachapishwa mwaka 1775. Ndani yake mdagu umetajwa kwa jina la Nerium obesum, yaani umehesabiwa kuwa aina ya oleanda. Mwaka 1819 Roemer na Schultes waliuhamishia katika jenasi yake wenyewe, Adenium. Lakini Forsskål hakuwa mbali na ukweli, na udugu ule alioutambua una mambo mawili ambayo mkulima hana budi kuyajua: sumu, na umbo la ndani la ua.

Sumu kwanza. Utomvu wa mdagu ni mwepesi, si mweupe na mzito kama wa frangipani, na kwa hiyo mtu huudharau. Ndani yake mna kemikali zinazoshambulia moyo, za kundi moja na zile za oleanda, ambazo huvuruga pampu za chumvi katika chembe za misuli ya moyo mpaka mapigo yake yanapoteza mpangilio. Wahadzabe wanaoishi kandokando ya Ziwa Eyasi huuchemsha utomvu huo mpaka unakuwa mzito, wakaupaka kwenye mishale ya kuwindia wanyama wakubwa, na ujuzi wa namna hiyo umekuwapo kwa jamii nyingine nyingi kuanzia Afrika Magharibi hadi kwetu. Wafugaji wa maeneo kame ya Kenya nao wametumia unga wa shina lake kuua wadudu wa ngozi ya ngamia na ng'ombe. Kwa hiyo unapokata tawi, kunawa mikono kwa sabuni ni sehemu ya kazi. Usijifute macho. Usiuweke mahali ambapo mbuzi wa jirani au mtoto anayetambaa anaufikia. Kisu kilichokata mdagu kisirudi jikoni.

Sasa ua. Chukua moja lililofunguka karibuni, ulipasue mrija wake taratibu kwa kucha kuanzia mdomoni hadi chini. Ndani kabisa utakuta koni ndogo. Stameni tano zimekutana ncha kama vidole vya mtu aliyeshika tonge, na kila moja imeota uzi mrefu wenye manyoya unaochomoza kuelekea nje. Tonge lililoshikwa ni kichwa cha stigma. Chavua imefungiwa ndani ya koni, sehemu ya juu. Eneo la stigma linaloweza kuipokea liko chini zaidi, limefichwa nyuma ya stameni. Hata ua litikiswe na upepo kutwa nzima, chavua haitafika panapotakiwa. Lazima aje mdudu mwenye mrija mrefu, aupenyeze katika ufa mwembamba kati ya stameni mbili kutafuta nekta, na anapouchomoa abebe chavua iliyonata. Kwenye ua la pili mrija ule ule ukipita katika ufa wa namna hiyo huiacha chavua mahali pake. Mpango huu umetengenezwa kwa ustadi mkubwa mno, na mdudu anayefaa hapatikani kila baraza. Ndiyo maana mdagu wa mjini unaweza kuchanua miaka na miaka usizae hata mara moja.

Kuna kikwazo kingine ambacho wauzaji hawakitaji. Kwa kawaida mdagu hauzai kwa chavua yake wenyewe. Chavua ya ua moja ikiwekwa kwenye ua jingine la mti uleule, tunda halishiki. Hata ukiwa na vyungu kumi, ikiwa vyote vilitokana na vipandikizi vya mti mmoja, kwa mtazamo wa uzazi una mti mmoja tu. Unahitaji miwili iliyotoka kwenye mbegu tofauti, na ichanue wakati mmoja.

Ukiipata hiyo miwili, kazi ya mdudu unaweza kuifanya mwenyewe. Ifanye asubuhi, mikono ikiwa imetulia. Kwenye ua la baba, ondoa petali, kata zile nyuzi zenye manyoya, kisha utenganishe stameni mbili kwa ncha ya kijiti cha meno au brashi nyembamba kabisa ya mchoraji. Chavua utaiona: vumbi lililoshikamana, jeupe au la rangi ya krimu. Ichukue kwa ncha. Kwenye ua la mama, pasua mrija upande mmoja tu ili lisijeruhiwe sana, tafuta ufa kati ya stameni mbili, na ingiza ncha yenye chavua kutokea ubavuni, chini ya usawa wa kichwa cha stigma, ukiisukuma kwa upole kuelekea juu na ndani. Wengi hushindwa hapa kwa sababu huipaka chavua juu ya koni, wakidhani kileleni ndipo pa kupokelea. Rudia kwenye maua kadhaa. Lile lililoshika, ua hukauka na kudondoka lakini shingo yake hubaki imevimba, na baada ya wiki chache zinaanza kurefuka pembe mbili zilizotoka mahali pamoja, kila moja ikielekea upande wake.

Pembe hizo hukomaa kwa miezi 2 hadi 3, wakati mwingine zaidi. Zifunge kwa uzi au waya laini kabla hazijapasuka, katika sehemu mbili au tatu za urefu wake. Usipofanya hivyo utatoka asubuhi moja ukute maganda matupu na manyoya yakipepea uani, kwani ndani mna makumi ya mbegu za kahawia, urefu wa sentimita moja hivi, kila moja ikiwa na shada la nywele za dhahabu katika ncha zote mbili. Jamaa zake wengi wana shada upande mmoja tu. Mashada mawili huiwezesha mbegu kupeperuka, na ikishaanguka huiwezesha kubiringika juu ya mchanga mpaka ikwame kwenye ufa wa jiwe.

Panda mara moja. Mbegu mbichi huota karibu zote, na kila mwezi unaopita huzipunguzia nguvu. Ondoa manyoya, maana hushika unyevu na kuleta ukungu, uzilaze juu ya mchanganyiko mwepesi na kuzifunika kwa tabaka la nusu sentimita. Joto la nyuzi 27 hadi 32 ndilo linalozifaa, na hilo watu wa Tanga, Kilifi au Lindi wanalo bure. Kati ya siku ya 3 na ya 7 utaona migongo ya kijani ikiinuka. Nenda ukaitazame kwa karibu. Mche wa mdagu una kitako tangu kuzaliwa: kabla haujatoa jani la kweli, shina lake chini ya majani ya mbegu limeshavimba. Hakuna kipandikizi kitakachokupa umbo hilo kwa namna hiyo, na ndiyo sababu nasisitiza mbegu.

Wiki mbili za kwanza ipe miche kivuli chepesi, kisha izoeshe jua hatua kwa hatua mpaka ipate la kutwa. Ikiwa na majani sita au zaidi, hamishia kila mmoja kwenye kopo lake. Wakati huo wa kuhamisha ndipo unapoanza kuchagua. Ndugu wa pembe moja hawafanani: mmoja ana kitako cha mviringo, wa pili ni mrefu mwembamba, wa tatu ameshagawa mizizi mitano minene. Maua yao pia yatatofautiana na ya mama yao na baina yao wenyewe. Mimi naiona hiyo kuwa raha ya pekee, kwa sababu kila mche unaochanua kwa mara ya kwanza hakuna aliyewahi kuliona ua lake.

Udongo ndio unaoua midagu mingi zaidi, na wa kulaumiwa ni ule mweusi mzuri unaouzwa kwenye viroba kwa ajili ya maua mengine. Unashika maji siku nyingi, na mizizi ya mdagu inahitaji hewa kama inavyohitaji maji. Chukua sehemu mbili za kitu kigumu kisichooza: mchanga mkubwa wa mto uliooshwa, kokoto ndogo, au yale mawe mepesi ya volkano ambayo mashamba ya maua ya Naivasha huoteshea mawaridi. Changanya na sehemu moja ya mboji iliyoiva. Mchanga wa baharini una chumvi, uache. Wakulima wa Indonesia hupenda kutumia pumba za mpunga zilizochomwa mpaka zikawa nyeusi bila kugeuka majivu, na kwa mtu wa Mbeya au Mwea hiyo ni mali iliyotupwa nyuma ya kila mashine ya kukoboa. Makumbi ya nazi yaliyosagwa yanafaa pia kwa kiasi kidogo. Kipimo cha mchanganyiko mzuri ni rahisi: mimina maji juu, na yatoke tunduni kabla hujaweka jagi chini.

Juu ya maji, watu wamegawanyika, na makosa yapo pande zote. Kuna wanaoumwagilia kila siku mwaka mzima. Kuna wanaouona ni mmea wa jangwani wakaunyima maji hata unapokua, nao ukadumaa. Ukweli ni kwamba wakati wa joto, ukiwa na majani mengi kwenye udongo unaopitisha maji, mdagu hunywa sana, na mche wa mwaka wa kwanza usioshinda na kiu ndio unaotengeneza kitako. Hali ya hewa ikipoa, hamu huisha. Dar es Salaam na Unguja tatizo ni masika. Mvua ya mfululizo kuanzia Machi hadi Mei huweka mizizi kwenye tope lisilokauka, kwa hiyo vyungu vipelekwe chini ya upenu, upande unaopata jua. Nairobi, Arusha na Iringa tatizo ni baridi. Usiku wa Juni na Julai ukishuka nyuzi 10 hadi 12, majani hugeuka manjano na kudondoka, na mwenye huruma humwaga maji zaidi akidhani ni kiu. Fanya kinyume. Acha udongo ukauke, usogeze mti kwenye ukuta unaotazama kaskazini, kwa sababu miezi hiyo jua letu liko upande huo, na uongeze maji tena machipukizi yatakapoonekana.

Jifunze kubonyeza kitako. Kikiwa kigumu, mmea umeshiba. Kikinywea kwa usawa kote, na ngozi ikawa na mikunjo midogo, una kiu, na baada ya maji ya siku mbili tatu utakaza tena. Kikilainika sehemu moja, pakawa peusi na panatoa maji, hiyo ni kuoza, na hapo huna muda. Toa mti chunguni, osha mizizi, kata kwa kisu kilichopitishwa kwenye spiriti mpaka nyama yote inayoonekana iwe nyeupe isiyo na doa. Paka unga wa salfa kwenye jeraha. Uning'inize kivulini wiki moja au mbili, bila udongo, bila maji. Anayeufanya hivi mara ya kwanza huogopa kwamba atauua kwa kiu, lakini kitako kina akiba ya kutosha, na mti uliokatwa nusu ukapona huota mizizi mipya kuzunguka kovu.

Wale wanaovutiwa na maumbo ya ajabu, mizizi minene iliyopindana juu ya udongo, wajue kwamba hayo ni matokeo ya mkono wa mtu na miaka. Mara moja kwa mwaka, joto linapoanza, mti hutolewa, vijizizi vyembamba vya juu vikapunguzwa, na unaporudishwa hupandishwa sentimita 2 au 3 juu ya pale ulipokuwa. Sehemu iliyokuwa chini ya udongo inaonekana, na polepole huota gome la kijivu. Ngozi hiyo iliyotoka gizani ni changa na jua la mchana huiunguza, kwa hiyo ifunike kwa kitambaa au changarawe wiki za mwanzo. Chungu kipana kisicho na kina huilazimisha mizizi itambae kwenda pembeni.

Tukija kwenye vipandikizi, sitatumia maneno mengi. Tawi lililokatwa, likaachwa kivulini siku kadhaa hadi kidonda kikauke, kisha likachomekwa kwenye mchanga wenye unyevu kidogo, litatoa mizizi ndani ya mwezi mmoja au miwili. Litakupa ua lile lile la mama. Mizizi yake nayo itanenepa kadiri miaka inavyopita, lakini kile kitako kimoja cha kuzaliwa hakitakuja. Kwa ua wa kuzungushia njia hilo halidhuru. Kwa mtu anayetaka umbo na ua la jina, njia ni kubebesha.

Mkulima wa miembe au mikorosho ana ujuzi huu tayari. Unachukua mche ulioota kwa mbegu, wenye kitako kizuri, shina lake likiwa na unene wa penseli au zaidi, unalikata bapa kwa wembe mpya. Kutoka kwenye mti wa ua unalolitaka unakata kikonyo cha sentimita 3 hadi 5, chenye unene unaokaribiana na shina, na kuondoa majani yote. Unakiweka juu ya shina ili zile pete za kijani zilizo chini tu ya gome zigusane. Zisipokutana pande zote, zikutane walau upande mmoja. Funga kwa ukanda wa nailoni ukivuta kuelekea chini, funika kwa mfuko mdogo ili kikonyo kisikauke, weka kivulini. Wembe upite kwenye spiriti kati ya mti na mti. Baada ya wiki 2 au 3, vichipukizi vikianza kusogea, fungua mfuko kidogo kidogo. Mzizi wa kubebeshea unaweza hata kuwa oleanda, ambao huvumilia baridi na unyevu kuliko mdagu, ila hapo kitako umekipoteza.

Kwa wembe huo Asia imegeuza mmea huu kuwa biashara kubwa. Wakulima wa Thailand wamechagua vitako kwa vizazi vingi, wakatumia damu ya mdagu wa Arabuni unaozaa mizizi minene. Wa Taiwan, mwanzoni mwa karne hii, walizalisha maua yenye petali za tabaka mbili na tatu, na rangi ambazo porini hazipo: manjano, nyekundu iliyokaribia weusi, nyeupe yenye ukingo mwekundu. Marekani, Mark Dimmitt wa Arizona-Sonora Desert Museum, karibu na Tucson, alichanganya midagu ya sehemu mbalimbali kwa miaka mingi, ikiwemo ya kusini mwa Afrika, na mwaka 2009 yeye na wenzake wawili walitoa kitabu kizima juu ya jenasi hii. Leo miche iliyobebeshwa husafiri kutoka Asia hadi kwenye vitalu vyetu, na tunainunua kwa bei kubwa. Sina ugomvi na uzuri wake. Lakini chavua ya ua la Thailand ikiwekwa kwenye mdagu wa Tsavo ulioota kwa mbegu nyumbani, watoto watakaozaliwa watakuwa na mchanganyiko ambao hakuna kitalu cha Bangkok kinachouuza, na kazi hiyo inahitaji kijiti cha meno na subira tu.

Wadudu si wengi. Vidukari vya manjano hujazana kwenye vichipukizi na vitumba vya maua. Povu la sabuni ya kawaida huvitoa. Utitiri huja kiangazi, majani yakapoteza rangi na kuwa na vumbi la utando upande wa chini, na dawa yake ya kwanza ni kuyaosha kwa maji kila siku kwa wiki nzima. Kiwavi mkubwa wa kijani mwenye madoa mawili ya buluu nyuma ya kichwa ni mtoto wa nondo wa oleanda. Anaweza kumaliza majani yote kwa usiku mmoja au miwili, na sumu haimdhuru. Mtoe kwa mkono. Mti utachipua.

Mbegu ulizovuna zitazidi nafasi uliyonayo, na hapo ndipo hesabu ya uzazi inapokurudia. Mpe jirani kumi, mpe mwalimu wa shule iliyo karibu kumi nyingine, uandike kwenye bahasha mama ni upi na baba ni upi. Baada ya mwaka mmoja au miwili watakuwa na maua, kila mti na ua lake, na siku mdagu wako utakapochanua peke yake utajua ni mlango gani wa kubisha kuomba chavua. Beba ua zima ndani ya kopo lenye kitambaa kikavu, lisiguswe na maji, ulitumie siku hiyohiyo.